Kobe Chini ya Trela ya Earlene

Earlene Voss alikuwa na miaka sabini na mitatu, na kwa miaka tisa hakuwahi kukaa mahali pamoja zaidi ya wiki mbili, ukiacha mara moja tu. Ndiyo sheria ya ardhi ya umma huku kwetu jangwani, Arizona. Piga kambi popote penye nafasi, hakuna atakayekuuliza, lakini siku ya kumi na nne, kufika saa kumi na mbili jioni, uwe umeondoka, tena uende mbali, maili ishirini na tano. Wengi wetu tunailalamikia sheria hiyo. Yeye aliipenda. Alikuwa amefua mashuka ya hoteli kule Amarillo miaka thelathini na moja, akasema dari moja ameshaitazama vya kutosha.

Nilimfahamu majira ya baridi, mimi na binti yangu tulipokuwa wageni kwenye maisha haya, tunalala ndani ya gari. Huku mtu hagongi mlango wa mwenzake. Unasimama mbali kidogo, unaita, unangoja. Mimi sikujua, nikaenda nikagonga mlango wa trela yake, kijumba cha magurudumu alimoishi, kuomba maji ya mtoto. Akafungua, akaniangalia mimi, akamwangalia mtoto, akasema, "Siku nyingine uite kwanza, mama. Nilikuwa sijavaa meno." Kisha akanipa dumu zima.

Hiyo mara moja aliyopitiliza ilikuwa mwaka jana. Alishikwa na homa ya mapafu, akakaa siku kumi na nane. Mendivil, askari wa ardhi anayezunguka upande wetu, akamwandikia karatasi ya kosa. Binti wa Earlene, Colleen, akaja kutoka Tucson, akamuuguza wiki nzima, na kabla ya kuondoka akamtaka ahadi: ukiandikiwa tena, basi mwili umekataa, unauza trela, unakuja kukaa kwangu kwenye chumba cha nyuma. Earlene akakubali. Alikuwa bado anakohoa, lakini alikubali, na alikuwa mtu wa neno lake.

Mwezi wa nne mwaka huu tulikuwa kando ya korongo kavu, chini ya vilima vya mawe. Siku yake ya kumi na nne iliangukia Alhamisi. Saa moja asubuhi alikuwa ameshakunja turubai, ameshusha paneli za sola, ameiunganisha trela na pikapu. Nilimwona akienda gurudumu kwa gurudumu kuondoa vibao vya kuizuia trela isibiringike. Mwisho wa yote huinama kutazama chini ya trela, kama tufanyavyo wote kabla ya kuwasha gari. Safari hii aliinama akakaa hivyo hivyo.

Kobe. Mkubwa kama sufuria ya maharage, amejichimbia shimo dogo mbele ya gurudumu la kushoto, kichwa ndani.

Earlene akafungua kiti chake, akaketi.

Saa tatu akaja Gib, dereva wa malori mstaafu, jirani yetu wa upande wa pili. Alisimama mbali, akaita.

"Wee Earlene! Bado upo? Au unangoja nikubebe mgongoni?"

"Mgongo upi ulionao wewe? Njoo uone."

Gib akainama, magoti yakalia. "Mh! Una mgeni. Mwambie muda wake umekwisha."

"Mwambie wewe, mnalingana umri."

"Si umsogeze tu?"

"Sheria haitaki. Kobe hashikwi ila akiwa hatarini."

"Basi muweke hatarini! Washa gari."

Mimi nilicheka. Earlene hakucheka. Gib akashusha sauti, maana habari ya ahadi tuliijua sote. "Hata na ufagio, basi? Kidogo tu. Nani atajua?"

"Akishtuka anakojoa, Gib. Maji yale ndiyo anayoishi nayo mpaka mvua ya mwezi wa saba. Akiyamwaga leo, mwezi wa sita amekufa."

"Na wewe ukiandikiwa leo?"

"Mimi nitakwenda Tucson. Tucson kuna bomba."

Gib akavua kofia, akaivaa tena, akaenda kuleta kiti chake.

Joto likapanda. Kufika saa sita mchana hapakuwa na kivuli kingine karibu ila hicho cha trela, na kobe hakuwa na sababu ya kukiacha. Earlene alijaribu kitu kimoja. Alilikunjua tena turubai, akalitandaza juu ya kichaka hatua kumi kutoka pale, likatoa kivuli kizuri kabisa. Tukalitazama saa nzima. Aliyekitumia kivuli kile ni binti yangu, akalala usingizi.

Saa nane Mendivil akafika. Ni kijana mpole, anazungumza kama anayeomba radhi.

"Bibi Earlene, leo ni ya kumi na nne."

"Kuhesabu najua, mwanangu. Lala chini utazame."

Akalala kifudifudi na sare yake. Akainuka na vumbi kifuani. "Ametulia."

"Ametulia kama wifi aliyekuja na masanduku yake."

"Umempa chakula? Maji?"

"Hata jani."

Mendivil akakuna shingo. Hakuweza kumwamuru ahame wakati mnyama yupo mbele ya gurudumu, na hakuweza kuandika kwamba amehama wakati hajahama. Akasema, "Ninamaliza zamu saa kumi na mbili. Nitapita hapa. Nikikuta magurudumu yanazunguka, sina cha kuandika."

Tukangoja. Gib alileta mikate ya kuchoma na jibini, tukala. Earlene alikuwa akiinama kila baada ya muda, bila kumkaribia, akirudi kukaa. Mara moja tu alisema kitu, tena kwa kobe, si kwetu: "Hebu nifikirie na mimi, bwana." Saa kumi na moja na nusu kobe akatoa kichwa. Akatazama nje, akakirudisha.

Saa kumi na mbili kamili gari la Mendivil likaonekana. Hakuuliza. Alitoa kitabu chake akaanza kuandika juu ya boneti.

"Pana mahali pa sababu hapo?" Earlene akauliza.

"Pana mstari mmoja."

"Andika kobe."

"Kwa kawaida hapa tunaandika tu kwamba amepitisha muda."

"Andika kobe, mwanangu. Nisije nikasemwa nimeshindwa kuinuka."

Akaandika, akampa, akaondoka.

Nusu saa haikutimia. Kobe akatoka, mguu baada ya mguu, akapita mbele ya viatu vya Gib, akaanza kutafuna maua ya njano kando ya korongo.

"Sasa ndiyo unatoka?" Gib akamfokea. "Sasa? Mzee usiye na haya wewe!"

Earlene akasema, "Mwache ale," akapanda kilimani, mahali simu inaposhika. Nikamfuata, mtoto mgongoni, nikakaa kwenye jiwe. Aliipiga picha ile karatasi akamtumia Colleen, kisha akampigia, na kwa kuwa sikio lake moja halisikii vizuri, simu aliiweka kwenye spika.

"Mama, ulikubali," Colleen akasema.

"Nilikubali. Siruki neno. Lakini soma mstari wa chini."

Colleen akasoma. "Kobe, mama?"

"Kobe."

"Ulishindwa kumsogeza?"

"Kumsogeza ningeweza. Hata wewe ningeweza kukusogeza."

Colleen alicheka, halafu nadhani alilia kidogo, maana sauti ilibadilika. Akasema yeye alitaka ahadi ile kwa kuogopa mama yake angekufa peke yake huku bila mtu kujua. Earlene akamwambia kwamba leo amekaa mchana kutwa na watu wawili na nusu, na mmoja wao hanyamazi.

"Njoo hata hivyo," Colleen akasema. "Ile trela njoo nayo. Ya kuuza tutaona kwanza."

"Tutaona."

Aliondoka jioni ile ile, taa zikiwa zimewashwa, Gib akimwelekeza kwa mikono miwili mpaka kwenye barabara ya changarawe. Sasa ni mwezi wa sita. Trela iko uani kwa Colleen, na haijatangazwa popote. Earlene ndimo anamolala, chumba cha nyuma anatumia bafu lake tu. Wanabishana bado kuhusu Oktoba, joto litakapopungua, kama atarudi jangwani.