Neno Kaya Katika Tasnifu ya Nyanjige

Nyanjige binti Ndalahwa alikuwa bibi shamba wa Bariadi kwa miaka tisa kabla hajaenda Morogoro kusomea shahada ya uzamili, na niseme mapema, hakuwa mtu wa kubabaishwa. Wanaume wa mashambani walizoea kumwambia hiki hakiwezekani na kile hakiwezekani, naye anavua viatu, anashika jembe, anawaonyesha kwamba kinawezekana. Alipopata nafasi ya masomo akajiambia miaka miwili ni mingi mno, mtu anaweza kumaliza na akabakiza muda wa kufuga kuku.

Mwaka wa pili wa masomo ulikuwa 1997. Vyama vya ushirika havikuwa tena mnunuzi pekee wa pamba, na kila msimu magari ya wanunuzi binafsi yalipishana vumbini kutoka Lamadi mpaka Maswa. Hali hiyo watu waliiita soko huria, wengine wakicheka, wengine wakisonya. Nyanjige akaona hapo ndipo pa kuchimba: tangu wanunuzi hawa waje, wakulima wa Shishiyu wanalima pamba zaidi, au wamepunguza? Msimamizi wake, Dokta Justina, mama wa Kihaya asiyecheka ovyo, alimrudishia pendekezo la utafiti mara nne likiwa limejaa wino mwekundu. Mara ya tano akaandika neno moja tu: "Nenda."

Tatizo lilikuwa tarehe. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na barua kutoka kazini kwake haikupindisha maneno: ruhusa ya masomo inaisha tarehe 30 Septemba, na atakayerudi bila kukamilisha shahada jina lake litaingia kwenye orodha ya kupunguzwa. Miaka tisa ya kazi iende hivyo hivyo kwa sababu ya karatasi? Thubutu! Nyanjige alikata barua ile katikati, upande wenye tarehe akaubandika ukutani juu ya kitanda chake cha bweni, na mwezi wa kwanza akapanda treni kwenda Shinyanga.

Shishiyu ndiko alikozaliwa, kwa hiyo hakuhitaji mkalimani wala mwenyeji. Alizunguka na baiskeli, mlango kwa mlango, kama vitabu vya chuo vilivyomfundisha: kila mlango una jiko lake, kila jiko ni kaya. Kwenye dodoso lake aliuliza, "Kaya yako ililima ekari ngapi za pamba?" Watu wakajibu bila kusita, na wengine walijibu kwa fahari kabisa. Alirudi Morogoro na madodoso mia mbili na kumi, amechomwa na jua, akijisikia kama mtu aliyekwisha kuvaa joho.

Mwezi wa nne akaingiza namba zake kwenye kompyuta ya chuo, ile iliyokuwa inagombewa na darasa zima. Jumla ikatoka: ekari elfu mbili mia saba na thelathini. Alifurahi kwa muda wa dakika mbili hivi. Kisha akachungulia takwimu za kilimo alizobeba kutoka wilayani, na moyo ukamfanya paa! Kijiji kizima, ukijumlisha mbuga za mpunga na malisho, hakikufika ekari elfu mbili. Kumbe watu wake walikuwa wanalima pamba hewani.

Akakagua upya. Hakuwa amekosea kuingiza. Ila mlango wa kwanza wa kwa mzee Mayige, mwenye wake watatu, ulisema ekari kumi na nne, wa pili kumi na nne, wa tatu kumi na nne, na hata kijana wao mwenye mke naye kasema kumi na nne. Hapo Nyanjige akajipiga kofi la paji la uso, pwaa, mpaka mwenzake wa kompyuta ya jirani akageuka.

"Mjinga mimi!" alisema. "Mjinga, tena wa kuzaliwa kulekule!"

Kwa Kiswahili cha wizarani, kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Lakini kwa Kisukuma, ile lugha aliyonyonyea, kaya ni mji mzima: mzee, wake zake, vijana wake waliooa, ng'ombe na uzio wa minyaa unaozunguka wote. Kila mlango ulikuwa umejibu kwa niaba ya mji mzima. Shamba moja aliliandika mara tatu, mara nne, na waliojibu hawakudanganya hata kidogo. Mgeni angesamehewa. Yeye je?

Huyo mwenzake, Rodgers, mtu wa maneno matamu, alimpa dawa papo hapo. "Gawa kwa tatu, dada, mambo yaishe. Nani atatoka hapa kwenda Shishiyu kupima?"

"Nitakwenda mimi," Nyanjige akamjibu.

"Utakosa tarehe."

"Wewe niombee tu, usinipangie."

Akaenda moja kwa moja kwa msimamizi wake. Dokta Justina alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaitazama kalenda. Akamwambia angempa wiki tatu za kijijini, siyo nne, na kila sura iliyoandikwa ingebidi ichanwe. Nyanjige alisema asante, na alipofika nje ya mlango alilia kidogo, akapangusa uso, akaenda kukata tiketi.

Mji wa kwanza aliorudi ulikuwa wa mzee Mayige. Mke mkubwa, Milembe, alikuwa anachambua pamba kivulini.

"Mwadila, mayu," Nyanjige alipiga goti, akimwamkia kama mama yake.

"Mwadila, ng'wanone, mwanangu. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Mayu, mwezi wa kwanza mliniambia ekari kumi na nne."

"Ndiyo. Kaya hii inalima kumi na nne."

"Na za kwako?"

Milembe aliacha kuchambua. Alimtazama binti huyu wa chuo kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, kisha akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Kumbe ulikuwa unataka za kwangu? Sasa si ungeuliza! Kaya ni mzee mmoja na uzio mmoja. Ndani ya kaya kuna numba, na kila numba ina mwanamke wake na jembe lake. Ukitaka kukijua kijiji, uliza kaya. Ukitaka kuijua pamba, uliza numba. Za kwangu ni mbili kasorobo. Zamani pamba yake ilipita kwenye ushirika kwa jina la mzee, hakuna aliyejua ekari hizo zipo. Sasa hawa wa magari hawaulizi jina, napeleka mwenyewe."

Akainuka, akampeleka shambani wakapime. Nyanjige akiwa ameshika kamba ndipo alipoelewa. Soko huria halikuwa limeongeza shamba hapa. Lilikuwa limetoa nje shamba lililokuwepo siku zote, la mwanamke, ambalo hakuna karatasi iliyowahi kulitaja. Hilo ndilo lililokuwa jibu, na angeligawa kwa tatu asingelipata milele.

Wiki tatu alipima numba kwa numba katika miji sabini na mmoja. Mwezi wa saba na wa nane akaandika kama mtu anayekimbizwa. Wiki ya pili ya Septemba akasimama mbele ya jopo, na mtahini wa nje, mzee mwenye sauti nzito, akamuuliza kwa nini alitupa madodoso mia mbili na kumi.

"Nilitumia neno la nyumbani kwetu kwa maana ya ofisini," alijibu. "Kosa ni langu, na kwenye sura ya tatu nimelieleza lote."

Wakamtoa nje, wakamwita tena. Amefaulu. Akabaki na sahihisho moja: maana ile ya kaya na numba, aliyoiegemeza tasnifu yote juu yake, haina chanzo. Aweke chanzo, ndipo wasaini.

Alipekua maktaba siku nne. Hakuna kitabu kilichosema vile. Siku ya tano akaenda kwa Dokta Justina na orodha yake ya marejeo, akanyoosha kidole katikati ya ukurasa. Dokta akasoma, akasoma tena, akachukua kalamu nyekundu. Nyanjige akashikilia kiti. Ile kalamu ikarekebisha nukta moja tu, kisha ikasaini.

Tasnifu ilikabidhiwa tarehe 29, ikiwa imejalidiwa kwa jalada jeusi. Kwenye marejeo, herufi M, kati ya profesa mmoja wa Uingereza na mwingine wa Uholanzi, pameandikwa: Milembe, mkulima, Shishiyu, mazungumzo na mwandishi, Mei 1997.