Mbwa Aliyefunzwa Kusalimia

Wiki nzima sikupata usingizi wa maana kwa sababu ya swali moja: mbwa akikosea kwa jambo nililomfunza mimi mwenyewe, ni haki aondoke yeye? Mjomba wangu, mlinzi wa yadi ya malori kule Kipevu, alikuwa amesema atakuja kumchukua Jumapili. Yadi ile naijua. Mbwa wake hufungwa mnyororo mchana kutwa chini ya trela, wakafunguliwa jioni magari yakishaingia. Hawapigwi wala hawalali njaa. Ila hakuna mtu anayewaita.

Huyu wetu mama alikuja naye ndani ya kikapu kutoka nyumba anayofanyia kazi Nyali, amefunikwa kitambaa cha jikoni, pua tu ndiyo iko nje. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo mwaka mmoja nyuma, nashinda nyumbani Kisauni nikiandika barua za kuomba kazi na kuzisoma upya mpaka zinapoteza maana. Jina la mbwa nililiandika kwenye daftari nikalifuta, nikaandika jingine nikalifuta pia, kwa kuogopa kumpa lisilomfaa. Mwishowe akazoea kuitwa "wewe", na aliitikia vizuri tu.

Nilimfunza kwa dagaa wakavu. Kaa, dagaa mmoja. Ngoja, dagaa mmoja. Mama alifungua mkebe siku moja akaukuta nusu.

"Huyu mbwa anasoma chuo gani," akauliza, "mbona karo yake ni mboga yangu?"

Somo nililojivunia ni la mkono. Uani kwetu mtu akiingia bila salamu huulizwa amekosana na nani, kwa hiyo nikataka mbwa naye awe na adabu hiyo. Mtu akisukuma lango, yeye hukaa kitako, akanyanyua mkono wa kulia, akangoja. Wapangaji walimpenda. Muuza maziwa alikuwa haondoki mpaka apewe mkono.

Sikumfikiria bibi mwenye nyumba. Mimi, ninayefikiria kila kitu mpaka kichwa kiniume. Bibi ni Mwislamu, mtu mzima, chumba chake kinatazamana na chetu, na kwake mate ya mbwa ni najisi. Hilo nalijua tangu utotoni kama ninavyoijua njia ya dukani. Lakini nilimfunza mbwa kusalimia watu, na sikukaa hata siku moja nikajiuliza ni watu gani.

Alasiri moja bibi alikuwa anatoka kwenye pipa la maji, ameshatia udhu, miguu bado inachuruzika. Mbwa akamwendea, akakaa, akamwekea mkono juu ya mguu. Alipoona hajibiwi, akaulamba.

"Ewe mjukuu wangu!"

"Abee, bibi!"

"Njoo umwone msomi wako."

Nilitoka mbio nikiomba radhi kabla sijafika. Bibi alikuwa amesimama palepale, kauinua mguu kidogo kama aliyekanyaga mwiba.

"Udhu wangu uko, usilie," akasema. "Ila mguu huu hauswali mpaka uoshwe mara saba, na moja iwe kwa mchanga."

Nikachuchumaa nikimmiminia kwa kopo. Hesabu ikanipotea kwenye nne.

"Hiyo ya tano," akasema. "Na usinirowanishe kanga. Mguu mmoja watosha."

Tulipomaliza aliniwekea mkono begani. "Mimi simfukuzi mnyama wa mtu. Lakini nina swala tano, na kila moja mara saba. Wewe ndiye uliyesoma, hebu piga hesabu."

Akaingia ndani kuswali. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Angenifokea, ningejua la kufanya.

Mama alipopata habari alimpigia mjomba simu. "Bibi huyu kanisaidia kukulea," akaniambia. "Siwezi kumharibia ibada yake kwa ajili ya mbwa." Alikuwa na haki.

Nikaanza kumfunza mbwa kutosalimia. Akinipa mkono, nageuza uso, simpi kitu. Mara ya kwanza aliuacha mkono hewani muda mrefu. Kisha akaushusha polepole, akanipa wa kushoto, kama aliyedhani amekosea upande. Nikamkumbatia, nikaliharibu somo lote.

Jumatano nilikuwa nimekaa mlangoni nikasikia viatu vya bibi. Ana mitalawanda, vile viatu vya mti vya zamani, na huvivaa kwa kazi moja tu, kwenda kutia udhu. Ko, ko, ko kwenye saruji. Mlio huo nimeusikia maisha yangu yote bila kuusikiliza. Nikaona hakuna haja ya kumkataza mbwa kusalimia dunia nzima. Ajue tu mlio huu una maana gani.

Basi kila ulipolia nilimwita kwenye gunia lake kando ya mlango wetu, nikamwekea dagaa, nikamwambia ngoja. Mara tano kwa siku, kuanzia alfajiri, mimi na miayo yangu. Ijumaa adhuhuri, nikiwa bado nahangaika na kifuniko cha mkebe, nilimwona ameshakwenda mwenyewe. Alilaza kidevu kwenye gunia, macho tu yakimfuata bibi mpaka kwenye pipa na kurudi.

Jumamosi asubuhi bibi akaniita. "Mbwa wako mbona siku hizi ananikwepa? Umempiga?"

"La, bibi. Nimemfunza viatu vyako."

Akanitazama, kisha akaitazama mitalawanda mlangoni pake. Haukuwa wakati wa swala yoyote. Akaivaa, akakatiza ua mpaka langoni, akarudi, akakatiza tena, kanga kaishika juu kama binti anayekwenda ngomani. Mbwa kwenye gunia, kimya. Mara ya tatu bibi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wallahi huyu kamshinda mpangaji wa chumba cha mwisho. Yule mwaka wa pili namwambia asinianikie suruali mlangoni."

"Kwa hiyo abaki, bibi?"

"Kwani mimi nilisema aondoke? Neno ni lako. Ukingoja watu wakuamulie utazeeka uani hapa."

Nikarudi kwenye mashaka yangu. Siku tatu ni chache. Huenda ipo siku atasahau, au bibi atapita pekupeku. Nilitaka uhakika, na sikuona pa kuupata.

Jumapili mjomba alifika baada ya ibada ya kanisani, kamba mkononi. Alikunywa chai, akaweka kikombe chini, akamfunga mbwa shingoni.

"Mjomba," nikasema, "samahani kwa kukusumbua na jua hili. Haendi."

"Umezungumza na mama'ko?"

"Nimeamua. Siku akikosea, mguu wa bibi nitauosha mimi, kila mara."

Mama aliinua uso, akakiokota kikombe cha mjomba akakijaza tena. Nikachuchumaa. Lilikuwa fundo la watu wa malori, limekazwa kweli, nami nililifungua taratibu bila kuinua kichwa, mpaka kamba ikaanguka.