Mwalimu Mkuu Aliyekataa Kununa

Kwa heshima na taadhima, makala haya yanawaletea wasomaji msanii mahiri aliyewachora wakubwa wa mji huu kwa miaka ishirini na sita. Saa moja asubuhi, msanii huyo amepiga magoti sakafuni akitafuta miwani aliyoivaa.

"Nimeipata," anasema, wala haoni haya.

Huchora watu kwa oda, kwa rangi za mafuta, sebuleni kwake. Alianza na mabango ya vinyozi. Siku hizi ana sifa moja: hampambi mteja. Mwenye makunyanzi hupewa yote, bila punguzo. Mdomo huuchora mwisho.

"Macho mtu anaweza kuyadhibiti," anasema. "Mdomo humponyoka."

Sasa mdomo umemshinda. Ameagizwa picha ya mwalimu mkuu anayestaafu, ambaye wanafunzi wake, akiwemo mwandishi wa makala haya, hawajawahi kuyaona meno yake. Siku nne mfululizo mchoraji ameuchora mdomo umenuna. Siku nne ameamka akakuta unatabasamu.

"Rangi ya mafuta hukaa mbichi siku kadhaa, lakini haitembei," anasema. "Nimebadilisha taa. Nimebadilisha miwani. Basi ni macho yangu. Au kichwa."

Anaitazama picha. Picha inamtazama, imefurahi kweli.

Anachukua simu. "Nampigia mwalimu atafute mtu mwingine. Na brashi nazifungia sandukuni, nisije nikaharibu sura za watu."

"Shangazi, subiri," anasema mwandishi, mtoto wa kaka yake, aliyekuja kwake likizo. "Tumalize mahojiano kwanza."

"Hebu nione ulichoandika."

Anapokea daftari. Anasoma mistari miwili, kisha anaganda kwenye pembe ya ukurasa, penye alama ya dole gumba.

"Wekundu huu niliuchanganya kwa mdomo wa mwalimu tu," anasema. "Umefikaje hapa?"

Mwandishi anapenda kufafanua kwamba uchunguzi bado unaendelea.

Basi, ni mimi. Kila alfajiri, kwa brashi nyembamba kuliko zote, nilizipandisha pembe za mdomo kidogo tu. Nilidhani atacheka. Sikujua alikuwa anahesabu siku za kupofuka.

Shangazi anaweka simu chini. Anavua miwani, anaifuta kwa upindo wa kanga, anaivaa tena.

"Kumbe naona," anasema polepole.

Kisha anatangaza mpango wake. Picha itakamilika Jumamosi, mwalimu atakapokuja kukaa achorwe mara ya mwisho.

"Yeye atakaa pale," anasema, akininyooshea ile brashi nyembamba. "Na wewe utasimama hapa, umnunishe mwenyewe, huku anakutazama."