Chungu Kilichogeuza Shingo

Kabla Kawira hajahamia Isiolo, mtu wa mtaa wa Chechelesi akitaka chungu alielekezwa kwa mtu mmoja tu, Teresia Aule. Mumewe, Lomorukai, baba wa mtoto wake Erot, alikuwa mlinzi kwenye maboma ya mifugo. Teresia alikuwa Mturkana, na kwao hakuna aliyejua kufinyanga. Maziwa yao yalikaa katika vyombo vya mti. Ufinyanzi aliupata mwaka wa sabini na moja kwa bibi mmoja wa Tharaka aliyeleta vyungu sokoni. Teresia alimbebea mizigo miaka miwili, akimtazama mikono tu, mpaka bibi akachoka kutazamwa akamwambia, "Haya, keti."

Tangu hapo alijiona ana kitu chake. Hakuwa na ng'ombe wala duka, na masomo yake yaliishia darasa la pili. Lakini watu walipopita mbele ya nyumba yake walisema, "Hapa ndipo kwa mama wa vyungu," naye akisikia hilo akiwa ndani, aliacha anachofanya akasikiliza mpaka sauti zipotee.

Kawira alikuja mwaka wa sabini na tisa na mumewe, karani aliyehamishiwa mjini. Alikuwa Mmeru, mdogo kwa Teresia kwa miaka kumi hivi, na alikuwa amefundishwa ufinyanzi chuoni. Siku ya kwanza alikuja kwa adabu akasimama mlangoni.

"Habari, Mama Erot. Nimeambiwa wewe ndiye unajua udongo wa huku."

Teresia alimpeleka mwenyewe hadi kwenye ukingo wa mto, chini kidogo ya mahali ngamia wanaponyweshwa, akamwonyesha udongo mweusi usiopasuka. Miaka mingi baadaye alikuwa bado anaijutia safari hiyo.

Maana Kawira alikuwa na mikono. Vyungu vyake vilikuwa vyembamba, na ukikigonga kimoja kwa kidole kililia vizuri. Wake wa walimu wakaanza kwenda kwake, kisha wenye hoteli. Halafu akaja mtu wa gazeti akampiga picha akiwa amekumbatia mtungi. Asli, mama wa Kisomali aliyeuza maziwa ya ngamia sokoni, alimletea Teresia gazeti hilo akidhani atafurahi.

"Si huyu ni yule mtoto wako uliyemfundisha?"

"Sikumfundisha kitu," Teresia alijibu, akalitumia gazeti kuwashia moto.

Tangu siku hiyo wivu ulimkaa kifuani kama chakula kisichoshuka. Kawira akimsalimu njiani, aliitikia kwa shingo upande. Akisikia anasifiwa, alisema, "Ni vizuri, lakini havidumu." Alijua si kweli. Asli alikuwa na kimoja cha Kawira mwaka wa nne sasa, na hakikuwa na ufa.

Mwaka wa themanini na tano, mvua iliporudi baada ya ule ukame mbaya, Sista Elizabeth wa misheni aliwaita wote wawili. Kulikuwa na mpango wa wafinyanzi tisa kutoka pande mbalimbali za Kenya. Wa kwanza angetengeneza chombo, kipelekwe kwa wa pili. Wa pili angekaa nacho mwezi mmoja, kisha atengeneze chake cha kukijibu, na hicho chake kipelekwe kwa wa tatu. Hivyo hivyo mpaka wa tisa, kama mnyororo. Hakuna ambaye angeona zaidi ya chombo kilichomtangulia. Mwishoni vyote vingepangwa pamoja, watu waje watazame.

"Kawira ni wa nne," Sista alisema. "Teresia, wewe ni wa tano. Utajibu chungu chake."

"Kwa nini mimi ndiye nimjibu?" Teresia aliuliza.

"Nambari zilipangwa Nairobi, mama. Si daraja."

Kawira alitazama chini.

Baada ya miezi kadhaa chungu cha Kawira kililetwa kikiwa ndani ya gunia la majani makavu. Teresia alikitoa akakiweka juu ya kigoda, akaanza kukikagua kama mtu anayetafuta chawa. Tumbo lilikuwa la mviringo, mistari myembamba imechorwa kwa kitana kushuka kama mvua, na ndani ya mdomo wa chungu kulikuwa na mdomo mwingine mdogo, kama mtoto anayechungulia mgongoni kwa mamaye. Alitafuta kosa asubuhi nzima. Alikigeuza, akakigonga, akakinusa. Kosa hakuliona, na machozi yakamtoka kwa hasira.

Cha kwanza alichofinyanga kilikuwa kikubwa mara mbili ya kile. Alikuwa na haraka, hakukiacha kikauke vya kutosha, nacho kikapasukia motoni kwa mlio uliowatoa majirani nje. Cha pili kilitoka salama, lakini alipokipangusa majivu aliona amekitilia mdomo wa pili ndani, mtindo ule ule wa Kawira, bila hata kukusudia. Alichukua kuni akakivunja mwenyewe.

Lomorukai alikuwa anakunywa chai. "Sasa unapigana na chungu?"

"Niache."

"Mimi nimekuacha. Ni yule mama aliyeishika roho yako ndiye hajakuacha."

Siku iliyofuata alifanya kazi akiwa amekipa chungu cha Kawira mgongo. Alifinyanga tumbo lile lile la mviringo, akachora mistari ile ile ya mvua, lakini aliikata katikati, chini akaacha udongo mtupu. Kisha akainua shingo na kuipinda, ikaelekea upande kabisa, kama mtu anayeitwa akakataa kuitika. Alikisugua kwa jiwe laini la mtoni siku mbili, akakichoma kwa samadi kavu, nacho kikatoka cheusi, kizima. Kilikuwa ndicho kizuri zaidi katika vyote alivyowahi kutengeneza, na alijua kimetengenezwa kwa ubaya. Akakifunga kwa majani, akamkabidhi Halkano, dereva wa basi, akipeleke mbele.

Maonyesho yalianzia Isiolo, mwishoni mwa mwaka uliofuata, katika ukumbi wa kanisa. Vyombo tisa vilipangwa juu ya meza moja ndefu. Watu wa mji walikuja, Wakristo na Waislamu, na wachunga mifugo wawili watatu waliotoka mnadani Oldonyiro wakaingia na fimbo zao. Teresia alivaa leso mpya. Alisimama karibu na mlango, Kawira upande ule mwingine.

Asli ndiye aliyeanza kutembea kando ya meza, polepole, akizungumza kwa sauti kama kawaida yake.

"Hawa wanne wanaongea vizuri. Huyu anampa huyu, huyu anapokea." Akafika kwa chungu cheusi, akasimama. "Wallahi, huyu amekasirika." Akaendelea. "Na hawa wengine wote wamefanya nini? Wanalia?"

Ndipo Teresia alipoviona. Cha sita kilikuwa na mdomo mpana kama sikio, kimeinama kuelekea chake. Cha saba kilikuwa bakuli tupu, kipana kama kiganja cha mtu anayetoa pole. Cha nane kilikuwa kimelala ubavu. Cha tisa hakikuwa na mdomo kabisa. Kilizibwa juu kama kaburi.

Mfinyanzi wa sita alikuwepo, mzee mmoja mpole aitwaye Kiugu, aliyefundisha kazi za mikono huko Nkubu. Aliuliza mwenye chungu cheusi ni nani, akaonyeshwa, akamwendea na kumshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mama," alisema. "Nilikaa na chungu chako mwezi mzima. Nilifikiri umefiwa. Wewe ulipoteza nani?"

Teresia angeweza kutaja jina lolote. Ukame ulikuwa umechukua wengi na hakuna ambaye angeuliza. Lakini mikono ya yule mzee ilikuwa na joto, na alikuwa amemsikitikia mwezi mzima.

"Sikufiwa," alisema. "Ilikuwa ni wivu, mzee. Nilimwonea wivu huyu." Akamnyooshea Kawira kidevu.

Kiugu aliachia mkono taratibu. Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Kawira alipita katikati ya watu mpaka mbele yake, macho yamemwiva.

"Mimi mwezi ule wote nilikuwa nangoja neno moja tu kutoka kwako," alisema. "Hata ungeniambia ni kibaya. Wa kuniambia huku ni nani mwingine, Mama Erot? Wale wa gazeti wanajua udongo?"

Kawira akatoka nje.

Hawakusemezana mpaka mvua za Aprili. Siku moja Teresia alimkuta mtoni akichimba udongo. Alikaa kando yake akaanza kuchimba pia, na baada ya muda akasema, bila kumtazama, "Ule mdomo wa ndani, nilijaribu kutafuta kosa lake. Halipo."

"Lipo," Kawira alisema. "Ukimimina maji, yanabaki kidogo pale katikati. Hukumimina?"

"Sikumimina."

"Basi hukukagua." Akacheka kidogo, si sana.

Hawakuwa marafiki hasa. Teresia aliendelea kuhesabu wageni walioingia kwa Kawira, na mara nyingine akimwona kwa mbali kifua kilimbana kama zamani. Lakini sasa alikuwa akimpelekea chungu kilichokauka kabla hakijachomwa, akimwambia, "Tazama," na Kawira alitazama kweli, akasema kasoro zake bila kumficha.

Mwaka wa themanini na nane mume wa Kawira alihamishiwa Embu. Teresia alikwenda kumsaidia kufunga vyungu kwa majani. Walifanya kazi asubuhi nzima wakizungumzia bei ya sukari. Kawira alimwambia kwamba Embu kuna wafinyanzi wengi, akina mama hodari, na kwamba ameshaandikiwa barua na mmoja wao.

"Wazuri?" Teresia aliuliza.

"Wanasema wazuri sana."

Teresia alikaza kamba ya gunia mpaka ikamkata kidole. Wanawake hao, ambao sasa vyungu vyao ndivyo Kawira angevitazama, hakuwajua hata kwa sura, lakini aliwaonea wivu mpaka gari likaondoka.