Sahihi Yangu Chini ya Kifo Changu

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi niliambiwa kwamba nimekufa. Nina hakika na saa hiyo kwa sababu huitazama kila ninapofika mbele ya karani.

Ilikuwa Jumatano, katika darasa moja pale Sironga, tulipokuwa tukihakiki majina yetu kwenye daftari la wapiga kura. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi madirishani. Karani aliingiza nambari ya kitambulisho changu, akaifuta, akaiingiza tena.

"Tata," akasema, akiniita baba kwa heshima ya kwetu, "huyu ameondolewa. Alifariki."

"Huyu ni mimi."

"Basi kaburi lako lina mlango," mwanamume mmoja akasema nyuma yangu, na foleni ikacheka. Mama aliyesimama karibu nami hakucheka. Alihamishia kikapu chake upande wa pili.

"Daftari linafungwa Ijumaa," karani akasema. "Lete barua kwamba uko hai."

"Inatolewa wapi?"

"Sijui, Tata. Hakuna aliyewahi kuiomba."

Nilikwenda Nyamira, kwenye ofisi ya usajili wa vifo. Afisa alinifungulia ukurasa. Jina langu, nambari yangu. Chanzo cha kifo: homa ya mapafu. Nilijikuta nikivuta pumzi ndefu kukipima kifua. Chini kabisa, kwenye nafasi ya shahidi, palikuwa na sahihi yangu, na ule mstari ninaoupiga chini yake.

Hapo nikakumbuka. Miaka miwili nyuma alikufa mtoto wa baba yangu mdogo. Mimi na yeye tulizaliwa mwaka aliokufa babu, na kama ilivyo desturi kwetu, sote wawili tulipewa majina yake. Naibu wa chifu alipokuja kuandika kifo, kitambulisho cha marehemu hakikuonekana. Akamuuliza mama mdogo jina la mwanawe. Lakini hilo lilikuwa pia jina la baba mkwe wake, na mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe. Maisha yake yote alimwita mwanawe "wangu", na mimi "yule mwingine". Akaninyooshea kidole.

"Anaitwa kama huyu."

Nikatoa kadi yangu ili jina lisikosewe. Naibu akanakili jina, akanakili na nambari. Nami, ninayesoma hata maandishi ya nyuma ya pakiti ya dawa, nikatia sahihi bila kusoma.

"Aliyeripoti ndiye arekebishe," afisa akasema. "Mama huyo aje na kiapo, aweke kidole."

Alhamisi nilimkuta mama mdogo kwenye migomba, hatua chache kutoka kaburi la mwanawe. Nilimweleza yote.

"Kwa hiyo kwa serikali, wangu hajafa?"

"Bado, mama."

"Angeweza kupiga kura?"

"Jina lake liko."

Alikata jani kavu, akalikunja. "Miaka miwili namsikia akipiga hodi. Nikafikiri ni uzee. Kumbe hakuna aliyemwandika."

"Mama, bila kidole chako sitapiga kura. Tangu nichukue kitambulisho sijakosa hata mara moja."

"Yeye pia hakukosa. Mlikuwa mkienda pamoja."

Ilikuwa kweli. Nikaondoka.

Ijumaa kabla ya jua nilimkuta amesimama barabarani, amevaa gauni lake la Sabato. Tulianzia kwa wakili, tukaapa, kisha ofisini. Pale alikandamiza kidole kwenye karatasi muda mrefu, hata afisa akamwinua mkono yeye mwenyewe.

"Sasa mmemzika," akasema.

Saa kumi kasoro dakika tano alasiri, karani wa Sironga alinirudisha daftarini.

Siku ya kura tulikwenda pamoja, mimi na mama mdogo. Wazee walitangulizwa, kwa hiyo alikwisha kupiga yake, akawa amekaa kwenye benchi ndani ya mlango akinisubiri. Mashine ilikataa kidole changu mara mbili. Mara ya tatu picha yangu ikatokea. Karani akasoma jina kwa sauti, mawakala wa vyama wasikie. Kabla sijafungua kinywa, sauti ikajibu kutoka kwenye benchi:

"Yupo."

Karani akatia alama. Nilipewa karatasi sita, nikaziwekea alama, nikatumbukiza kila moja kwenye sanduku lake. Nilipotoka, kidole changu kidogo kikiwa na wino, mama mdogo hakunitazama mimi. Alitazama kando yangu, upande wa kushoto, kisha akasogea njiani kama anayempisha mtu.

Usiku nilifunga hesabu katika daftari langu la matumizi: kiapo, nakala, nauli za Sironga na Nyamira. Niliongeza na shilingi hamsini, nauli ya abiria wa tatu, ambayo mama mdogo alimpa dereva tulipokuwa tukirudi, kabla sijamzuia. Jumla, shilingi elfu moja mia tisa na hamsini.