Zeze Lisilokosea

Kwa miaka mingi nimekana kwamba mimi ndiye niliyeliua zeze la baba yangu. Nimekana mbele ya ndugu zangu, nimekana mbele ya mume wangu, na nilipokuwa chuo kikuu nilikana kwa maandishi, kwa insha ndefu yenye tanbihi, nikapewa alama nzuri. Leo nimechoka. Kukana nako ni kazi, na umri huu ninajaribu kupunguza kazi.

Kilichonichosha ni sauti ndogo tu. Jumapili iliyopita jirani yangu alikuwa akikaza waya mpya wa kuanikia nguo. Anazungusha, anasimama, anaudonoa kwa kidole kusikia kama umekaza: ting. Anazungusha tena: ting, juu kidogo. Nilikuwa nimekaa barazani na kikombe cha chai ambacho hakikunyweka hadi mwisho. Nilijikuta niko mtaani Mwembesongo, uani kwetu, bado niko shule ya msingi, nimekalia kigoda, vumbi la mninga limenijaa puani, na baba ameinama mbele yangu na penseli sikioni, akiniambia kwa upole uliochoka, "Piga tena."

Baba alikuwa seremala wa kiwandani. Miaka ile ya uhaba, spea ya chuma ikikosekana, yeye aliichonga kwa mti mgumu na mashine ikaendelea kutembea. Nadhani hakuna kitu alichojivunia maishani kama kusikia mashine nzima ya chuma ikinguruma juu ya kipande chake cha mti. Kisha ikaja enzi ya ruksa, bidhaa za nje zikafunguliwa njia. Madukani vikarudi sabuni za kunukia, vitenge na redio za kaseti. Mitumba ikatandazwa hadi barabarani. Na kiwandani zikaja spea za kweli, zimefungwa kwenye karatasi za mafuta. Sote tulifurahi. Kiwanda kilipoanza kupunguza watu, hakuna aliyehitaji kufikiri sana kuhusu mtu wa kuchonga spea za mti.

Sasa niwaeleze kilichokuwa kinamtisha, maana haikuwa njaa. Mama yangu ni Mluguru wa huko juu milimani, na kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Chakula kilikuwepo, shamba lilikuwepo, hata nyumba ingepatikana. Tungepanda mlima, basi. Sisi watoto tungekuwa tunarudi kwetu. Ila baba, mtu wa kuja kutoka upande wa Songea, angekuwa anakwenda kwa watu. Angepewa mahali pa kulima mahindi na maharage, lakini hata kupanda mti wa kudumu ingebidi kwanza ukoo wa mkewe uridhie. Hebu fikirini: seremala, anakaa mahali ambapo hawezi kupanda mti bila kuomba. Mama hakuona tatizo liko wapi, kwa sababu kwake kule ni nyumbani. Baba alimwambia kwamba ameshakuwa mgeni mara moja, alipoingia mjini akiwa kijana, na kwamba ugeni wa mara ya pili hana tena nguvu zake.

Mjomba Kibwana, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa msemaji wa shamba hilo. Alikuwa akishuka na lori la mboga siku za soko, anatuletea ndizi na magimbi, anakunywa chai, kisha anamtazama baba akipiga randa.

"Shemeji, mambo ya mjini haya yatakuua," alimwambia siku moja. "Njoo juu. Hicho kizeze chako utaipigia migomba. Yenyewe haina maneno mengi."

"Migomba yenu naijua," baba alimjibu. "Itasema nimeipigia bila ruhusa ya mjomba wake."

Walicheka wote wawili, kicheko kirefu cha mashemeji. Lakini mjomba alipoondoka, baba alipiga randa ubao uleule hadi ukawa mwembamba usiofaa kwa lolote.

Hicho kizeze ndicho kilichokuwa njia yake ya kubaki mjini. Wazo lilitoka kwa Mwalimu Luhende, rafiki yake wa kwaya, ambaye ndiye aliyesimamia muziki katika shule kadhaa za msingi za pale mjini. Mwalimu alilalamika kwamba gitaa ni ngumu kwa vidole vya watoto, na zeze la wazee linataka uzaliwe nalo. Angepata chombo ambacho mtoto anakishika leo na leoleo anatoa wimbo, alisema, shule zake zote zingekichukua. Lilikuwa neno la kuagana tu, baada ya mazoezi, mlangoni mwa kanisa. Baba alilibeba hadi nyumbani kama mtu aliyepewa ajira. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amewaambia wenzake wawili waliopunguzwa pamoja naye wasiuze vifaa vyao.

Zeze la kwanza lilikuwa na nyuzi saba, moja kwa kila sauti, do hadi ti kama kwaya inavyofundishwa. Alilitengeneza bapa, kama kisanduku cha kulaza mapajani, ili mtoto asihangaike kushika shingo. Watoto wa majirani walilijua upesi mno, na hilo lilimuudhi. Alisema hawa wana masikio, na wenye masikio hawahitaji msaada wake. Ndipo macho yake yakanigeukia mimi.

Hapa inabidi niseme jambo jingine ambalo kwenye insha zangu huwa naliruka. Mimi sina sikio. Darasani mwalimu wa kuimba alikuwa ameniomba, kwa heshima zote, niwe nafumbua mdomo tu bila kutoa sauti. Nikiimba kumbembeleza mdogo wangu, aliamka. Kwa hiyo baba alipomwambia mama, bila hata kushusha sauti, "Huyu akiweza, hakuna atakayeshindwa," alikuwa anasema ukweli wa kiufundi. Mimi nililichukua kama sifa, nikaenda kuwatambia wenzangu kwamba nimechaguliwa.

Kila siku nikitoka shule nilikalia kigoda. Baba alifumba macho, nikapiga, akafumbua macho, akaenda kubadilisha kitu. Nyaya za breki za baiskeli zilinikata vidole, akaweka nailoni ya kuvulia samaki. Nyuzi zilikuwa karibu mno, nikawa napiga mbili nikitaka moja, akazitanua. Niligusa vigingi vya kukazia nyuzi bila kukusudia na kulegeza kazi yake ya asubuhi nzima. Akavihamishia chini ya kisanduku, mahali ambapo hata mimi nisingefika. Milima ikijifunika wingu na unyevu ukashuka mjini, mbao zilivimba, sauti zote zikateremka, na tukaanza upya. Sikuwahi kumwona akikasirika. Alichoka tu. Kuna uchovu wa mtu aliyefanya kazi, na kuna uchovu wa mtu anayeogopa kuiacha; wakati ule nilidhani ni kitu kimoja.

Kilichotushinda ni nyuzi mbili, wa nne na wa saba. Fa na ti. Nyingine zote, hata nikizichanganya ovyo, zilipatana. Lakini nikigusa moja ya hizo mbili mahali pasipofaa, na mimi nilikuwa na kipaji cha kupata pasipofaa, ulitoka uchachu ambao hata kuku walinyanyua vichwa. Nilianza kulia. Sikulia kwa maumivu. Nililia kwa sababu nilijiona mjinga, na nilijua nyumba nzima inategemea nisiwe mjinga zaidi ya kiasi.

Baba alisimama muda mrefu akilitazama zeze. Kisha akachukua praizi, akakata uzi wa nne, akakata wa saba.

"Haya," akasema. "Sasa kosea."

Nilijaribu. Wallahi nilijaribu. Nilipiga juu, chini, kwa dole gumba, kwa kucha, huku nikitazama pembeni, na kila nilichopiga kilikuwa wimbo, wa aina ile ya nyimbo ambazo mama na dada zake huimba wakipalilia, ambazo hazina fa wala ti na hazijawahi kuzikumbuka. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi ukidondosha uji, akauliza ni nani anayepiga. Nikasema ni mimi. Akamtazama baba kuhakikisha. Tangu siku hiyo sijapata tena kutazamwa hivyo na mtu yeyote, na nimewahi kuvaa joho la chuo mara mbili.

Siku ya kulionyesha, Mwalimu Luhende aliwakusanya walimu wa shule zake darasani. Nilipiga mimi kwanza. Kisha wakapiga walimu, mmojammoja, wakicheka kwa mshangao kama watu waliogundua kwamba wanaweza kuogelea. Mwalimu mkuu, mama mnene asiyecheka, alikataa kulirudisha. Baba alikuwa amesimama ukutani na shati lake la kwaya, na niliona mabega yake yakishuka taratibu, kama mtu anayetua mzigo.

Ndipo Mwalimu Luhende, bila ubaya wowote, akaomba tuusikie wimbo wa shule, ule wanafunzi waliouimba mstarini kila asubuhi. Baba alilichukua zeze mwenyewe. Alianza vizuri. Wimbo ule, mstari wa pili, unapanda ngazi moja baada ya nyingine, na ngazi ya nne haikuwepo. Kidole chake kilikwenda hewani mahali uzi ulipokuwa zamani. Akarudi mwanzo, akajaribu kuizunguka. Ikawa kama mtu anayeruka shimo akiwa amebeba ndoo. Walimu wakatazama sakafu.

Chombo kisichokosea kilikuwa kimekosa wimbo pekee waliouhitaji. Wala hilo si kosa la kutojua. Alikuwa mwanakwaya, fa aliijua vizuri kuliko wengi mle ndani. Ila kwa wiki nyingi alikuwa amesikiliza kidole changu kimoja tu, hadi akasahau kwamba watoto wengine wana nyimbo za kuimba.

"Mzee, rudisha zile nyuzi mbili tu," Mwalimu akamwambia kwa upole. "Utuletee tena. Hakuna haraka."

Baba akanitazama. Kisha akalifunga zeze kwenye kanga ya mama, akasema, "Tutaona."

Sikumwona akizirudisha. Siku zikapita, zeze likakaa juu ya kabati na nyuzi zake tano, mimi nikalipiga, yeye akawa anatoka asubuhi na kurudi jioni bila kusema alikuwa wapi. Kisha asubuhi moja lori la mboga lililokuwa likirudi juu tupu lilisimama mlangoni kwetu, mjomba Kibwana akateremka, safari hii bila utani, na wakaanza kupakia kitanda.

Mimi mtoto nilijumlisha nilivyoweza. Alinitazama, akasema tutaona, hakuzirudisha. Maana yake alikataa kwa ajili yangu, kwa sababu zikirudi, mimi nisingeweza tena kupiga. Yaani tulihama mjini, baba akawa mgeni kwa shemeji yake, ili mtoto mmoja asiye na sikio asilie. Huo ni mzigo mkubwa kwa mtu anayesoma darasa la nne, na mtu mzima haubebi vizuri zaidi. Kwa hiyo nilipokua nilitafuta maelezo mengine. Nilisema ni soko. Nilisema milango ilifunguliwa, bidhaa za nje zikamwagika, ubunifu wa nyumbani ukakosa pa kusimama. Niliyaandika hayo kwa ufasaha, na kila aliyesoma alikubali. Mimi tu sikuyaamini.

Basi Jumapili hiyo, jirani alipomaliza waya wake, nilimpigia baba. Bado yuko hukohuko juu. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza mvua, nikamwambia haijanyesha, akasema huko imezidi. Halafu nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida kadiri nilivyoweza, kwa nini hakuzirudisha zile nyuzi mbili.

Nilimsikia akipunguza redio.

"Nilizirudisha," akasema.

Alitengeneza zeze jingine, la nyuzi saba, uani kwa mmoja wa wale wenzake waliopunguzwa, kule Mafisa. Nilimuuliza kwa nini si nyumbani.

"Ungetaka kulijaribu," akasema.

Alikohoa, akaendelea bila haraka. Alilipeleka kwa Mwalimu Luhende. Lilipiga wimbo wa shule wote, mstari wa pili na kila kitu. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwonyesha pembeni ya ofisi, ambapo siku hiyohiyo yalikuwa yameletwa makasha ya filimbi za plastiki kutoka nje, za rangi zote, zinazotosha kila mtoto wa kila shule. Mwalimu alikuwa karibu kulia, baba alisema, ikabidi yeye ndiye ambembeleze.

"Kwa hiyo si kwa ajili yangu," nikasema.

"Wewe?" Alishangaa kweli. "Mwanangu, wewe ulikuwa unapima tu."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeandika ukweli nikidhani ni uongo, na nimeutunza moyoni uongo nikidhani ni ukweli, kwa sababu tu katika huo wa pili mimi nilikuwa mtu muhimu. Nikamuuliza basi alifanya nini, pale ofisini, na zeze lake mkononi.

"Nikamsaidia kufungua makasha," akasema baba. "Yalikuwa yamepigiliwa misumari, naye hana nyundo. Zilikuwa mbao nzuri."