Usiguse Bayosi Siku ya Kusaga

Siku yenyewe naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyozeeka. Niliamka nikiwa na miaka kumi na sita. Kufika saa nne asubuhi nilikuwa na sitini. Sasa niko kidato cha tatu, mwakani nina mitihani, na wewe wa kidato cha kwanza ndiwe unayerithi meza hii ya projekta kanisani. Kwa hivyo kaa, mzee anasema. Na usizicheke ndevu zangu. Ni saba tu, lakini kila moja imeona mambo.

Ilikuwa wiki ya makambi, mikutano ya ibada ya kila mwaka ya sisi Wasabato, likizo ya Agosti, hapa kwetu nje kidogo ya Suna. Mimi ndimi niliyeendesha kompyuta inayotupa maneno ya nyimbo ukutani. Alhamisi tukiwa katikati ya wimbo, kompyuta ikaganda kwenye ubeti wa pili. Watu wakauimba ubeti wa pili. Wakaurudia. Mara ya nne kina mama wengine walianza kufuta machozi, na mara ya sita mhubiri mgeni alikuwa ameinua mikono akidhani huo ndio utaratibu wetu. Mimi nilikuwa chini ya meza nikibonyeza kila kitu kinachobonyezeka.

Baada ya ibada alinijia Mzee Odek. Huyu ni mzee wa kanisa, na ndiye mwenye poshomili ile iliyo nyuma ya kanisa, inayosagia mtaa mzima unga.

"Ouma, hiyo kitu yako imeganda mara ngapi wiki hii?"

"Tatu, Jaduong'," nikajibu, nikimwita mzee kwa Kiluo chetu.

"Sabato ikiganda tena, tunarudi kwa vitabu. Na nyinyi vijana mnarudi kupanga viti."

Viti ningepanga tu, mgongo ninao. Kilichoniuma ni Dani, nyanya yangu wa Rodi Kopany, aliyekuwa anakuja Ijumaa jioni. Macho yake yalishakataa maandishi ya kitabu, lakini yale ya ukutani, makubwa kama milango, anayasoma. Makambi ya mwaka uliotangulia aliimba wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho, kisha akanishika mashavu mbele ya wasichana wote wa kwaya. Niliona aibu, na niliipenda aibu hiyo. Projekta ikirudi kwenye sanduku, Dani angekaa pale akichezesha midomo bila maneno.

Basi nikatafuta ugonjwa, na nikaupata. Hapa sikiliza, maana ndiyo elimu. Ndani ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kuna maagizo madogo madogo, yaitwayo maikrokodi, yanayoiambia jinsi ya kufanya kazi yake. Nayo yaweza kuwa na kasoro. Walioitengeneza wakiigundua hutoa marekebisho, ila prosesa haiwezi kuyahifadhi. Ukizima kompyuta, imesahau. Ni kama sisi gwarideni, mwalimu wa zamu husoma matangazo yaleyale kila asubuhi kwa sababu anajua ya jana tulishayamwaga. Mwalimu wa zamu wa kompyuta ni bayosi, ile programu iliyokaa kwenye chipu ya ubao mama, bamba linaloshika vifaa vyote vya ndani, na inayoamka kabla ya kitu kingine chochote. Ukitaka marekebisho mapya, unampa mwalimu karatasi mpya: unaiandika bayosi upya. Na toleo jipya la bayosi ya ubao wetu lilieleza wazi kwamba linatibu kuganda kwa prosesa kama yetu.

Nikasoma namba ya ubao mara mbili, nikapakua faili lake hasa, nikalitia kwenye flashi. Mpaka hapo nilikuwa na akili. Nikaamua kuifanya kazi Ijumaa saa nne, Mzee Odek akiwa kwenye hema la mafunzo ya asubuhi uwanjani, ili nisiulizwe maswali. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema huvunja nini yule ambaye hakumuuliza mkuu kabisa.

Mstari ukaanza kutambaa kwenye kioo. Asilimia ishirini. Arobaini. Maandishi mekundu yakinisihi nisizime umeme, nami nikiyajibu, "Nani anazima?" Ilipofika sitini na mbili nikasikia nyuma ya kanisa sauti ninayoijua tangu niko mgongoni mwa mama: poshomili inaamka. Umeme wetu na wao ni waya mmoja, na mota ile ikiamka hunywa wote. Taa zikawa nyekundu kama makaa. Kioo kikazimika. Niliwasha tena, feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi.

Mzee Odek aliona taa za hemani zikisinzia, akaja. Alinikuta nikiomba kwa unyenyekevu ambao kanisa halijauona kwangu tena.

"Ouma, leo ni siku gani?"

"Ijumaa, Jaduong'."

"Na Ijumaa Msabato hufanya nini?"

Nikageuza shingo kuelekea mlio wa poshomili. Kisha nikasema polepole, "Husaga."

"Siku ya maandalio. Mtaa mzima unasaga unga wa kesho kabla ya jua kutua. Mke wangu yuko pale na foleni imefika barabarani. Wewe ulizaliwa kanisani au ulinunuliwa sokoni?"

Nilimwambia yote, hata habari ya Dani. Nilingoja ngumi. Alichukua kitambaa cheupe cha meza, akanipa. "Fungia huo ubao wako humu. Jua halitungoji."

Kuufungua ubao kulinila hadi saa sita, kisha tukapanda pikipiki yake, mimi nyuma nimekumbatia ubao mama kama mtoto anayepelekwa chanjo, hadi kwa Fundi Swaleh mjini, anayefufua simu zilizoanguka chooni. Kibanda kilikuwa kimefungwa: fundi alikuwa msikitini kwa sala ya Ijumaa. Mzee Odek akaketi kwenye ngazi bila haraka. "Tungoje. Mtu hatolewi kwa Mungu wake kwa sababu ya ujinga wa mwingine." Ujinga ulikuwa umeketi karibu naye, ukaitikia.

Fundi akaja akitabasamu. Akabana kibanio juu ya chipu yenye miguu minane, akakiunganisha na laptop yake, akapokea flashi yangu. Katikati ya kazi, umeme wa mji ukakatika. Nilipiga yowe dogo. Fundi hakupepesa jicho, laptop iliendelea.

"Kijana, hii ina betri. Wewe ulipokuwa unaandika ulikuwa na nini?"

"Imani," nikasema.

"Imani ni nzuri. Ongeza na betri." Wazee wawili wakacheka mpaka Mzee Odek akavua kofia.

Saa kumi na moja ubao ulikuwa umerudi mahali pake, poshomili imenyamaza, nayo kompyuta ikawaka. Nilimwonyesha Mzee namba ya marekebisho ya prosesa kwenye kioo, ilikuwa imebadilika.

"Kanamba haka ndiko kametuzungusha hivi?"

"Ndiyo, Jaduong'."

"Hm. Hata chachu ni ndogo."

Sabato Dani aliketi mstari wa pili. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, wa tatu ukaja, nami sikupumua mpaka wa nne ulipoisha. Mashavu yangu yalishikwa tena, na safari hii hata Mzee Odek aliyashika, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Basi mwanangu, nasaha ni hizi. Kitu kikifanya kazi, usikiguse bila sababu. Ukiwa na sababu, soma namba ya ubao kwanza. Usiache mbachao kwa msala upitao: nakili bayosi ya zamani mahali salama kabla ya kuandika mpya, jambo ambalo mzee wako hakulifanya. Tafuta betri. Lakini zaidi ya yote, toka nje uangalie mtaa unafanya nini siku hiyo, kisha umwambie mkubwa unachotaka kufanya. Waya ulio nao si wako peke yako. Nilijua ubao wetu mpaka namba, nikasahau kwamba majirani wanakula.

Nenda sasa, kalia kiti changu. Mungu akujalie umeme usiotetemeka, fundi anayerudi kutoka sala akiwa na furaha, na nyanya wa kukuaibisha mbele ya kwaya. Mstari wako ufike asilimia mia. Na Dani akija Agosti hii, mwongezee maandishi ukubwa kidogo, bila yeye kujua.